Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Dawa: Si kweli kwamba "zote ni za kichwa"

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima zote. Barua zangu tatu za awali nilizileta ofisini kwako kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio jibu pekee nililopata, basi hii ya nne naiandika hadharani.

Jumanne iliyopita mdogo wangu alikuwa kitini, shingo imepinda, macho yameganda juu darini, mate yanamchuruzika. Alinibana mkono, kusema hawezi. Hakurogwa. Ilikuwa siku yake ya pili ya haloperidoli, dawa ya akili aliyopewa kwa kuwa klozapini, dawa yake ya siku zote, imekwisha, na kijana wa dirisha la dawa aliniambia: "Chukua hizi dada, zote ni za kichwa."

Wewe ni msomi, nisamehe nikikukumbusha. Dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni, inapotoka kwenye seli moja hutafuta pa kukaa kwenye seli ya pili; hapo pa kukaa ndipo panapoitwa kipokezi. Haloperidoli huwahi vipokezi vya D2, aina moja ya vipokezi vya dopamini, na kuving'ang'ania. Vikishikwa kama asilimia 65 hivi, sauti anazozisikia mgonjwa huanza kupungua. Ikipita asilimia 80 mwili unakakamaa, maana vipokezi vya aina hiyohiyo ndivyo vinavyoongoza mwendo. Klozapini huvishika D2 kwa ulegevu, tena inagusa vya serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, na vingine tele. Kwa nini inawafaa walioshindikana kwa dawa nyingine, wataalamu wangali wanabishana. Kwamba inawafaa, hilo lilithibitishwa Marekani kwa utafiti uliochapishwa mwaka 1988.

Mdogo wangu ni mmoja wa hao walioshindikana. Miaka minne ya klopromazini, haloperidoli, risperidoni, na sauti zipo palepale. Ilipokuja klozapini nilimpeleka kutolewa damu kila wiki, miezi na miezi, kuangalia kama chembe nyeupe hazijashuka. Mikono yake yote ilijaa alama za sindano. Sikulalamika, kwa sababu alikuwa ameanza kucheka tena.

Na akiikosa kwa zaidi ya saa 48, hawezi kurudia kipimo chake. Anaanza upya na miligramu 12.5, apandishwe polepole. Kwenu huenda ni wiki tatu za upungufu. Kwetu ni kazi yote kuanza moja.

Nasikia agizo lilichelewa. Nasikia pia kwamba watumiaji wake ni wachache, kwa hiyo huagizwa mwisho. Au kuna mtu alisahau kutia saini, sijui. Ninachokumbuka ni mkutano wako na familia za wagonjwa, ulipoahidi kwamba dawa hii haitakatika. Nakumbuka vizuri kwa sababu nami nilipiga makofi.

Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya ugonjwa huu inayopitia vipokezi vya muskarini, ambavyo ni vya aina nyingine, bila kuzuia D2 kabisa. Hiyo sikuombi, Mheshimiwa, nisije nikaonekana mroho. Naomba ile iliyoingia sokoni Ulaya miaka ya 1970.

Naomba klozapini. Ikiwa inakaribia kwisha, tuambieni kabla haijaisha, tuitafute wenyewe. Lakini kwanza klozapini. Shingo yake ilinyooka baada ya sindano, ila jana usiku alirudi kuzungumza na ukuta, na ukuta, kwa maelezo yake, unamjibu.

Ni mimi,
Dada wa mgonjwa