Salma, nimekwenda kwenye mkahawa wa paka

Osaka, Jumapili jioni

Salma mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai huko kwetu Amu, kisiwani Lamu, nyote hamjambo, na mama miguu imempa nafuu. Ulitaka nikupe habari za mikahawa ya paka, maana ulipoiona kwenye simu ulidhani ni mzaha wa Wajapani. Si mzaha. Wa kwanza ulifunguliwa Taipei, Taiwan, mwaka 1998, na mji huu ninaokaa ndio uliopata wa kwanza Japani, mwaka 2004. Sababu nimeielewa tangu nilipoanza kutafuta chumba: mikataba mingi ya nyumba za kupanga inakataza kufuga. Mtu anarudi kutoka kazini hana hata paka wa kumpitia miguuni, basi analipa akakae na paka wa wenzake. Na mimi niliyezoea kuruka paka kila nikitoka mlangoni, hamu ikanizidi.

Ukifika unavua viatu, unavaa sapatu, unanawa mikono, kisha unapewa kikadi chenye saa uliyoingia. Nililipa yeni 1,200 kwa saa moja. Ukutani wamebandika masharti kwa picha: usimbebe paka, usimwamshe aliyelala, usipige picha kwa mwanga wa kamera. Wahudumu wanayasimamia kwa adabu. Paka wenyewe ni safi, manyoya yanang'aa, na chumba hakina harufu. Hayo lazima niyaseme, ni haki yao.

Lakini shoga yangu, vile vikopo vya kuku! Wanauza vikopo vidogo vya plastiki vyenye vipande vya nyama. Mteja akifungua kimoja tu, paka wanamvamia, huyu mapajani, huyu begani. Anacheka, anapigwa picha, nyama inakwisha, paka wanashuka kumfuata mwenye kikopo kingine. Nilikaa pembeni nikamtazama jike mmoja wa kijivu, mwili mdogo. Kila kikopo kilipofunguliwa alinyanyuka, akasogea hatua mbili, madume yakamsukuma, akarudi. Mkia unapiga sakafu, masikio kayalaza nyuma. Wewe na mimi tunajua paka wa hali hiyo anataka aachwe peke yake. Msichana mmoja akamfuata ampapase, paka akaingia chini ya kiti; msichana akainama, akapeleka mkono huko huko. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amelipia nusu saa na dakika zinakwenda.

Kwangu mimi kasoro kubwa ni hiyo. Mteja ameuziwa muda, na paka hana pa kukimbilia muda ule. Rafu za juu zipo, lakini mtu mrefu anazifikia. Mkahawa ungekuwa wangu, kwanza ningetoboa ukuta: tundu la kupita paka tu, na nyuma yake chumba chenye matandiko, maji na mchanga wao wa haja, asiingie mtu isipokuwa mhudumu. Paka akichoka ajiendee. Pengine mteja atakaa robo saa asione hata mkia, basi aelezwe hivyo mapema kabla hajatoa pesa. Paka hulala saa 12 mpaka 16 kwa siku, Salma, na hapa mikahawa hii inaruhusiwa kuwaweka mbele ya wageni mpaka saa nne usiku, mradi wametimiza mwaka mmoja. Bila pa kujificha, atalala saa ngapi?

Vikopo navyo ningeviondoa kabisa. Mhudumu awalishe kwa saa maalumu, kila paka na sahani yake. Mteja afundishwe kukaa chini, anyamaze, na amfumbie paka macho polepole. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex kule Uingereza walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 2020: paka humsogelea zaidi mgeni anayemfumbia macho polepole kuliko anayemtazama bila kuonyesha chochote. Nikajaribu kwa yule wa kijivu. Akafumba naye. Hakunijia, lakini alitoka chini ya kiti akaanza kujilamba mguu karibu yangu, nami nikaridhika kabisa.

Kuna lingine lililonikaa moyoni. Walikuwapo watatu wa ile jamii ya masikio yaliyokunjika, ambayo ilianzia Scotland kwa paka mmoja wa shambani mwaka 1961. Watu wanawapenda kwa sababu nyuso zinakuwa duara na macho makubwa. Kinachokunja sikio ni ugonjwa wa gegedu, ule mfupa laini, na gegedu haiko sikioni peke yake, iko kwenye viungo vya mwili mzima. Wengi huishia kuumwa miguu na mkia, wengine wangali wadogo. Chama kikuu cha kusajili paka Uingereza kiliacha kuwasajili tangu miaka ya 1970. Mmoja alikuwa amekaa kitako, miguu kainyosha mbele, watu wanamcheka na kumpiga picha. Mimi nilishindwa kucheka. Mkahawa unaowapenda paka usinunue paka wa namna hii, kwa sababu kila anayenunuliwa ndiye anayefanya mwingine azalishwe.

Kahawa yenyewe inatoka kwenye mashine, tena nyepesi. Ningeweka meza upande wa pili wa kioo, na kahawa ya kupikwa, kwa anayetaka kuwaona tu au anayepiga chafya kwa sababu ya manyoya yao.

Baadaye nilikwenda kwenye mkahawa wa aina nyingine, wa paka waliookotwa mitaani wanaotafutiwa nyumba. Viti vimeparurwa, kuta hazina mapambo, lakini huu ndio nilioupenda. Kila paka ana karatasi yake: umri, alikookotwa, anachoogopa. Dume moja la rangi ya tangawizi lilikuwa na sikio lililokatwa ncha kidogo, alama kwamba ameshahasiwa. Ukimpenda paka unajaza fomu, unaulizwa kama mwenye nyumba amekubali na nani atamlisha ukisafiri, kisha unakaa naye kwa majaribio kabla hujakabidhiwa. Paka wa hapo ana siku ya kuondoka. Wale wa kwanza wataondoka kwenda wapi?

Sasa lile swali lako, kama Amu tunaweza kufungua. Kuwafungia paka wetu chumbani, hapana, itakuwa dhuluma. Wamezoea baraza na soko la samaki. Lakini wageni wanaokuja Shela wanawapenda mno. Tukiweka mkahawa wenye mlango wazi, paka aingie na atoke apendavyo, na sehemu ya bei ya kila kikombe imlipe daktari wa mifugo awahasi na kuwachanja kichaa cha mbwa, hapo nipo nawe. Alama ya sikio tuichukue kama ilivyo, ili asikamatwe aliyekwisha kuhasiwa. Muulize mjomba wako kama ile nyumba ya chini karibu na gati bado haina mpangaji, na kodi anataka kiasi gani kwa mwezi. Nijibu kabla ya Ramadhani, nipate kujua nitenge pesa ngapi.

Nisalimie mama na watoto wote.

Wako,
Rukia