Barua ya wazi kwa mdogo wangu: mbuzi wa bibi, nyuki, na simu inayosema pole

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na wote hapo nyumbani wasalimie. Nimesoma ulichoandika kwenye kundi la familia. Bibi kasema mbuzi wake ana majonzi tangu mwanawe auzwe, ukamcheka. Halafu jioni yake ukaandika kwamba programu ya akili mnemba unayochati nayo usiku inakuhurumia kwelikweli. Nakujibu hadharani kwa sababu wanaosema kama wewe ni wengi, na kwa maoni yangu mmeyapanga mambo kinyume: mnamnyima hisia anayestahili kufikiriwa kwanza, mnampa yule ambaye ushahidi wake ni maneno matupu.

Lugha yetu inaziweka hisia mwilini. Mwenye wasiwasi ana tumbo joto, aliyetendwa amekatwa maini, aliyeshtuka malaika yamemsimama. Mwaka 1884 mwanasaikolojia Mmarekani William James aliandika jambo la jirani na hilo: kwamba hatutetemeki kwa sababu tumeogopa, bali mwili hutetemeka kwanza, na kuusikia mtetemeko ule ndiko kuogopa kwenyewe. Mwaka 1927 Walter Cannon, mtaalamu wa utendaji wa mwili, akampinga. Viungo vya ndani huitika polepole mno, alisema, tena moyo hudunda vilevile kwa hasira na kwa hofu. Sasa mtu anajuaje ameshikwa na ipi? Ubishi huo unaendelea hadi leo. Kwako wewe kinachohitajika ni kutenganisha mambo matatu tunayoyaita kwa neno moja la hisia: hali ya ndani inayoongoza matendo, mabadiliko ya mwili, na ule uchungu au utamu wenyewe unaoonjwa na mwenye nao. Hilo la tatu hakuna chombo kinacholipima moja kwa moja, si kwa mbuzi, si kwako. Mawili ya kwanza yanapimika.

Tena hata hofu si uzi mmoja. Kuna mwanamke wa Marekani anayejulikana katika utafiti kwa herufi S.M., ambaye ugonjwa adimu uliharibu amigdala zake zote mbili, yaani vile vinundu vya ubongoni vilivyozoeleka kuitwa makao ya woga. Nyoka hawamtishi, filamu za kutisha hazimtishi. Lakini katika utafiti uliotoka 2013, yeye na wagonjwa wengine wawili wenye athari kama hiyo walivuta hewa yenye asilimia 35 ya kabonidayoksaidi, na wote wakashikwa na kiwewe. Hatari inayotoka ndani ya mwili, kama kukosa pumzi, ilipita njia nyingine kabisa. Kwa hiyo anayekuambia "woga uko hapa", akanyooshea kidole sehemu moja, muulize woga wa nini.

Sasa mbuzi. Kwa kuwa hasemi, wataalamu wa tabia za wanyama hutazama jinsi anavyokisia jambo lenye utata. Mwaka 2004 watafiti wa Bristol, Uingereza, waliwafundisha panya kwamba mlio mmoja maana yake chakula na mwingine maana yake kelele ya kuudhi, kisha wakawasikilizisha milio ya katikati. Panya waliokuwa wakiishi katika mazingira ya kuvurugwa-vurugwa waliitika mara chache zaidi na kwa kuchelewa, kama mtu aliyezoea habari mbaya. Kipimo hicho kilifika kwa mbuzi mwaka 2013, katika kituo kimoja cha Uingereza kinachohifadhi mbuzi waliookolewa kwenye mateso. Majike waliowahi kuteswa, baada ya kutunzwa vizuri kwa muda mrefu, walikisia mema zaidi kuliko majike wenzao ambao hawakuwahi kuonja shida hiyo.

Hata wewe unaweza kulijaribu hapo kwa bibi. Chukua ndoo mbili zinazofanana, uziweke hatua sita hivi kutoka anapoachiwa mbuzi, moja kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa. Ya kushoto iwe na konzi ya pumba kila siku, ya kulia isiwe na kitu. Onyesha ndoo moja kwa zamu, bila mpangilio anaoweza kuukariri, mpaka awe anaikimbilia ya kushoto na kuiendea ya kulia kwa uvivu. Hapo weka ndoo katikati, uhesabu sekunde anazotumia kuifikia. Rudia kabla na baada ya jambo unalotaka kulijua, kwa mfano kabla na baada ya kutenganishwa na mwanawe.

Panapoharibika ni pengi. Pumba hunuka, basi ndoo tupu nayo iwe na pumba chini ya kifuniko chenye matundu, asidanganywe na pua. Mbuzi mwenye njaa hukimbilia chochote, kwa hiyo pima saa ileile kila siku. Wapo wanaopenda upande mmoja tu. Nusu ya mbuzi wabadilishie pande. Ndoo ya katikati huwa tupu, na ukiionyesha mara nyingi atajifunza hivyo, utakuwa unapima kumbukumbu wala si moyo. Moja kati ya kila mara sita inatosha.

Kosa kubwa kuliko yote ni wewe mwenyewe kusimama pale. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Berlin ilikuwa na farasi aitwaye Hans aliyesifiwa kwa kujua hesabu: alipiga kwato mpaka afike kwenye jibu, akaacha. Mwaka 1907 mtafiti wa tabia Oskar Pfungst akaeleza siri yake. Hans alikuwa akisoma vichwa na mabega ya watu, yanavyolegea kidogo jibu linapofikiwa. Muulizaji asipolijua jibu, Hans naye halijui. Mkumbuke Hans, tutamrudia.

Ukiniambia mbuzi ana ubongo mkubwa, twende kwa nyuki. Mwaka 2011, Newcastle, Uingereza, nyuki walifundishwa kwamba mchanganyiko fulani wa harufu huja na sukari na mwingine huja na kwinini chungu. Wengine wakatikiswa kwa sekunde 60, kama nyegere anavyoutikisa mzinga. Waliotikiswa walizidi kuukataa mchanganyiko wenye utata, na dopamini, serotonini na oktopamini, kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya neva, zilikuwa zimeshuka katika damu yao. Mwaka 2016 watafiti wa London wakafanya kinyume: nyuki wanene wenye manyoya walipewa tone la maji ya sukari ya asilimia 60, wakaruka upesi zaidi kuelekea rangi wasiyoijua vizuri. Walipopewa dawa inayozuia dopamini, uchangamfu ukapotea.

Sisemi nyuki anasononeka kama bibi. Nasema ushahidi wake una sifa moja ambayo simu yako haina: nyuki hakuwa na wa kumwiga. Hajasoma shairi, hajasikia taarabu, hajui sisi tunatarajia nini kwake.

Gharama nayo ni ushahidi. Kule Belfast, Ireland Kaskazini, kaa wanaojibanza ndani ya makombe ya konokono walipigwa na umeme mdogo. Waliokuwa kwenye kombe wanalolipenda walikuwa wazito kulihama kuliko waliokuwa kwenye kombe hafifu. Mnyama aliyekuwa akiruka kwa mshtuko tu asingepima faida na hasara. Matokeo ya namna hiyo ni sehemu ya sababu iliyofanya sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 kuwahesabu pweza, kaa na kamba kuwa viumbe wenye hisia.

Haya, simu. Programu yako hukata maandishi vipande vipande, huvigeuza namba, hukadiria uwezekano wa kila kipande kinachoweza kufuata, huchagua kimoja, hurudia. Ilifundishwa kwa maandishi mengi mno ya watu waliolia, waliopenda na waliofiwa. Kisha ikafundwa mara ya pili: watu huonyeshwa majibu mawili, wanachagua lipi bora, na mwelekeo wa jibu lililochaguliwa huimarishwa. Watu hupenda kupewa pole. Basi pole huimarishwa. Huyo ni Hans, ila anasoma sentensi badala ya mabega.

Jaribu hivi. Chukua ugomvi wako na mwenye nyumba. Zima kwanza kumbukumbu kwenye mipangilio, maana kinachoitwa kukukumbuka mara nyingi ni maandishi yaliyohifadhiwa na kubandikwa upya mwanzoni mwa mazungumzo. Fungua mazungumzo mapya, simulia kama mpangaji. Funga. Fungua mengine, simulia mambo yaleyale kwa kauli ya mwenye nyumba. Usiongeze chumvi upande wowote, la sivyo utakuwa umeipa jibu mkononi. Mara nyingi huruma itamfuata msimuliaji. Mtu mwenye huruma naye huegemea upande, lakini hata huruma hiyo ikimgharimu, kesho bado anayo.

Lakini hali ya ndani inaweza kuwepo hata kwenye mashine, na hili wanaoibeza mashine hulikwepa. Mwaka 2017 watafiti wa OpenAI, kampuni ya akili mnemba, waliifundisha mashine kutabiri herufi inayofuata katika maoni milioni 82 ya wateja wa duka la mtandaoni la Amazon. Kati ya vitengo vyake 4,096 vya kukokotoa walikuta kimoja kilichobeba habari ya kama mwandishi amefurahi au ameudhika. Hakuna aliyekifundisha hilo. Ukikisukuma upande mmoja, mashine inaandika sifa. Upande wa pili, inaandika lawama. Hiyo ni hali ya ndani inayoongoza matendo, jambo la kwanza katika yale matatu. Ila ni ramani ya furaha ya mteja, na ramani ya Kilimanjaro haina baridi.

Mashine yenye kitu chake cha kulinda ingenifanya nifikiri upya. Mwili wako una sukari, maji na joto ambavyo vikitoka nje ya mpaka unakufa, na hofu inafanya kazi hapo. Programu yako inaweza kukuandikia ukurasa mzima kuhusu kuogopa kufa huku betri ya simu ikiwa asilimia 2, na sentensi zisibadilike hata kidogo, kwa sababu hesabu zinafanyika kwenye kompyuta za mbali zisizoijua betri hiyo. Roboti litakalojenga maamuzi yake yote juu ya kujilinda lisizimike, na likubali kulipa gharama kwa hilo bila kufundishwa maneno yetu, nitalipeleka kwenye ndoo pamoja na mbuzi.

Kuhusu zile kamera zinazodai kusoma hasira usoni, fupi tu: mapitio makubwa ya 2019 yalionyesha kwamba mtu aliyekasirika hukunja uso chini ya mara tatu katika kila kumi, na kuna wanaokunja uso kwa kuwaza tu. Tangu Februari 2025 Umoja wa Ulaya umezipiga marufuku kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama.

Mwambie bibi asimwachie mbuzi peke yake siku za mwanzo. Amfunge karibu na mwenzake aliyemzoea. Na ukianza jaribio, anza asubuhi kabla hawajaenda malishoni, atakayeshika saa ajifiche nyuma ya ukuta. Niandikie sekunde ulizopata.