Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa jumuiya yetu ya kudai haki kwenye kodi na bajeti, Pemba

Asalaam alaykum wanachama wote, mulokuja na ambao hamkuja, na hao wa pili ndo wengi kama kawaida.

Kazi za kawaida nazipitisha mbio kwa sababu munazijua. Vikao vya kamati vimekaa, darsa la bajeti tulifanya pale skuli, akina mama wa mwani tuliwapitia kusikiliza malalamiko yao ya bei, wafiwa tumewapa pole. Ile barua ya kuomba taa za soko imejibiwa na taa zinawaka, sasa kila mtu anasema kazileta yeye, mie sigombani na mtu ila barua ipo kwenye faili na saini ni yangu.

Sasa nije kwenye suala la risiti, maana najua nusu ya maneno yanayosemwa barazani kuhusu mie yanatokana na hilo.

Kwa wale waliokuwa hawamo: kwenye waraka wetu tulioupeleka Chukwani, kule Unguja kwenye Baraza la Wawakilishi, kabla ya kikao cha bajeti tuliandika mambo mawili tunayoyataka na moja tunaloliahidi. Tunataka ushuru wa siku wa soko upangwe kwa ukubwa wa biashara, na tunataka kinachokusanywa sokoni kibandikwe ukutani kila mwezi pamoja na kilichotumika. Tunachoahidi ni kwamba sie wafanyabiashara wanachama tutatoa risiti na tutadai risiti. Basi. Hilo la tatu ndo limezua jina la "wakala wa kodi" na wengine wamesema nimewauza, bei hawakuitaja.

Jamaani nielezeni, mtu anakwenda kudai pesa za wananchi zitumike sawa, anaulizwa "na nyinyi wenyewe munatoa risiti?" anajibu nini? Maana ndo suali la mwanzo tuliloulizwa na mheshimiwa mmoja kule, kabla hata maji hayajafunguliwa. Nilikuwa na jibu kwa sababu waraka ulikuwa nalo. Ingekuwa nimewafata wale waliosema tudai tu tusiahidi kitu, tungerudi na boti ya kwanza.

Na mtu asiseme risiti ni mambo ya matajiri. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, huku kwetu ni asilimia 15, bara 18, na inakaa ndani ya bei. Yule mwenye kibanda cha sabuni na betri anasema mie mdogo sikusajiliwa silipi kodi, kumbe ameshailipa kwa muuza jumla aliyemuuzia, na yeye anairejesha kwa mteja wake kupitia ile bei. Tajiri wa gari tatu na bi mkubwa anaefua nguo za watu wananunua sabuni ile ile kwa kodi ile ile. Sasa kama muuza jumla hakutoa risiti, ile 15 mumeshaitoa mfukoni mwenu lakini serikalini hakuna uhakika kama imefika. Alafu tunalalamika spitali haina dawa. Na bidhaa zetu nyingi zinanunuliwa Darajani, soko la mjini Unguja, kwa hiyo hata ikifika inahesabiwa mauzo ya Unguja, kisha mtu anasimama anasema Pemba mapato madogo. Hilo linaniuma kuliko mengine yote, na ndo maana nilishikilia risiti.

Jengine lililolalamikiwa ni kwamba tuliliondoa dai la kupunguza kodi ya mapato. Kweli tuliliondoa, na niliondoa mie kwa kalamu yangu. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, lipo kwenye orodha ya Katiba ya Jamhuri pamoja na ushuru wa forodha, wanakusanya TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, hata huku visiwani, na linaamuliwa bungeni Dodoma. Chukwani huwezi kulipunguza hata ulie. VAT na zile kodi za hoteli na stempu ni za ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, hizo ndo za Baraza la Wawakilishi. Ushuru wa soko na jaa ni wa baraza la mji. Milango mitatu, na wanachama wetu wengi wanagonga mmoja wakapiga kelele za mitatu. Hili nililisema kwenye darsa, waliohudhuria wanalijua.

Na kuhusu ushuru wa siku, mimi sitaki mtu anifundishe uchungu wake. Muuza pweza mwenye sinia moja analipa sawa na mwenye meza nne za nguo. Ikinyesha mvua asubuhi yule wa sinia hauzi kitu na bado mkusanyaji anasimama mbele yake. Hii si haki na tumeiandika kwa lugha nzuri kabisa, katibu anajua tulivyoikesha. Majibu ya ofisi inayohusika ni kwamba "linafanyiwa kazi", tumeyaandika kwenye kumbukumbu.

Sasa munasema uamuzi wa waraka ule ulipitishwa na kamati bila ya mkutano mkuu. Mkutano uliitwa, ukaitwa tena. Mara ya kwanza akidi haikutimia, mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kulikuwa na mechi. Viti tumekodi, spika tumekodi, tumekaa tunaangaliana. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi, bajeti inasomwa Juni, ukitaka neno lako liingie unatakiwa uwe umeshasema miezi kabla, haisubiri watu waamke. Katiba yetu kifungu cha dharura kinairuhusu kamati na tumekitumia. Anaesema sikushirikisha watu aniambie alikuwa wapi siku hiyo, na wengine najua walikuwa wapi maana niliwaona wakati narudi.

Mahesabu, mshika fedha ameyapitia: wanachama 118, waliolipa ada kamili ya 12,000 ni 37 tu yaani 444,000, waliolipa kidogo kidogo 22 na jumla yao 131,000, waliobaki 59 hawajatoa hata senti na hiyo ni nusu kamili ya jumuiya. Michango ya watu wema 300,000. Jumla iliyoingia 875,000. Zimetoka 805,000: ukumbi na spika 180,000, karatasi na kuchapisha 95,000, safari ya Chukwani boti na gari 420,000, chai na maji 110,000. Imebaki 70,000 na ukumbi tunadaiwa 60,000, kwa hiyo hesabuni wenyewe. Kuna aliesema safari ile ilikuwa ya starehe. Tulikwenda watatu, tumelala kwa jamaa zetu, na nauli ya ndani ya mji nimetoa mfukoni, sijaidai na siidai.

Inachekesha lakini, jumuiya inayodai mahesabu yabandikwe ukutani nusu ya watu wake hawalipi elfu moja ya mwezi. Waliopiga kelele zaidi kuhusu risiti nimewaangalia kwenye daftari. Sitaji majina.

Mwaka unaokuja inshallah tunakusudia kufuatilia lile la mahesabu ya soko kubandikwa ukutani, kuwafikia wenzetu wa Konde na Micheweni, kukaa na madiwani mapema, na tukijaaliwa kuanza kuisoma ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kwa upande wa wilaya zetu, tutafute kijana anaejua mahesabu atusaidie. Pia kuna mawazo ya mradi wa kuipatia jumuiya kipato, bado yanajadiliwa.

Uchaguzi wa viongozi utakuwa kwenye mkutano mkuu ujao, anaeitaka nafasi hii achukue fomu kwa katibu, fomu ni bure ila kwa aliyelipa ada tu. Ada zipokewe na mshika fedha mwenyewe dukani kwake baada ya laasiri, asipewe mtoto, na mukilipa mudai risiti.