Barua ya Wazi kwa Shangazi: Kibwebwe Nilichokifunga Berwick

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Ujumbe wako wa sauti umenifikia, nami nimeusikiliza mara tatu kabla ya kuandika, kwa kuwa sikutaka kukujibu kwa haraka katika jambo lililokutia huzuni. Umeambiwa kwamba binti uliyemlea Mombasa huenda kila Alhamisi jioni kujifunza densi ya tumbo huku Uingereza, nawe ukauliza ni lini nilianza kuyapenda mambo ya vilabuni. Nakujibu hadharani kwa sababu wajukuu wako ndio watakaokusomea barua hii, na kwa sababu wako wenzangu wengi walio mbali na kwao walioulizwa swali hilohilo wakakosa la kusema.

Mji ninaoishi, Berwick-upon-Tweed, uko mwisho kabisa wa Uingereza. Ukienda kaskazini kiasi cha kilomita 4 umeshaingia Uskoti. Waingereza na Waskoti waliunyang'anyana zaidi ya mara kumi, mpaka 1482 ulipobaki kwa Waingereza, na kuta zilizoanza kujengwa 1558 bado zimeuzunguka mji wa kale. Ungeziona, ungeikumbuka Fort Jesus, kwa maana ngome zote mbili ni za karne moja na zote zilijengwa kwa mtindo wa Kitaliano wa pembe nene zinazochomoza nje ili mizinga ipige pande zote. Ukumbi wetu uko chini ya ukuta huo. Tunaingia wanawake peke yetu, mapazia yanashushwa, na wawili kati yetu huvuka mpaka kutoka Eyemouth kila juma, bila mtu kuwauliza waendako.

Nilipelekwa na mwenzangu wa kazini. Unajua kazi yangu ni ya kuwainua na kuwageuza wazee usiku kucha, na kufikia mwezi wa Januari mgongo ulikuwa umekakamaa kiasi cha kushindwa kuinama kufunga viatu. Nilikwenda nikidhani nitanyooshwa viungo tu. Mwalimu, ambaye ni Mwingereza aliyefunzwa na Wamisri, akawasha muziki, na kitu cha kwanza nilichokisikia kilikuwa dumbak, kisha fidla, kisha kanuni, vyombo vilevile vya taarabu ya arusi zetu. Nililazimika kwenda kusimama karibu na dirisha mpaka machozi yakauke.

Kisha akatugawia vitambaa vilivyoshonewa sarafu. Wenzangu walivifunga kiunoni, mahali pa mshipi. Mimi mikono yangu ilikishusha changu chenyewe hadi nyongani, ikakikaza na kukipiga fundo ubavuni, kama ulivyonifunga kibwebwe nilipokuwa na miaka kumi na minne. Akasema magoti yalegezwe, mabega yatulie, uso usihangaike, nyonga ifanye kazi peke yake. Shangazi, hayo ni maneno yako. Uliniambia hayohayo uani kwenu, ngoma ya vumi ikipigwa, wanaume wakiwa wamefukuzwa hadi barazani.

Si kwamba ngoma hizi ni moja. Chakacha yetu, hiyo ngoma ya wanawake uliyonifunza, huenda kwa hesabu ya sita, ilhali mdundo wao mkuu, unaoitwa maqsum, huenda kwa hesabu ya nne, na kwa wiki nyingi nyonga yangu ilikuwa ikifika kabla ya ngoma. Wao pia hutumia mikono na kifua kuliko sisi, nao hutenganisha kila kiungo, hata tumbo litetemeke ilhali nyonga imesimama. Hilo bado linanishinda. Sisi tunazungusha kwa utulivu, mduara mmoja usiokatika, na katika huo mwalimu mwenyewe aliniomba nisimame mbele ili wengine wanitazame.

Kuhusu vilabu, naomba unisikilize. Jina la densi ya tumbo walilibandika Wafaransa katika karne ya 19. Waarabu huiita raqs sharqi, yaani ngoma ya mashariki. Mizizi yake iko kwenye sherehe za majumbani na arusini, wanawake kwa wanawake. Jukwaa, taa na nguo za vipande viwili vilishamiri Cairo katika kumbi kama ile aliyoifungua mcheza densi Badia Masabni mwaka 1926, na filamu za Misri zikausambaza mtindo huo duniani. Ulichokiona wewe katika sinema ni sura hiyo ya jukwaani. Muziki wake, hata hivyo, hukuwahi kuukataa, kwani taarabu yenyewe ilitiwa nguvu na wanamuziki wa Misri tangu enzi za Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888.

Sasa nina ombi, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Wenzangu wameniomba niwafundishe chakacha. Sikuwajibu. Najua jinsi ulivyoumia ilipoanza kuchezwa hotelini mbele ya watalii, ukasema kwamba kitu cha uani kimeuzwa barabarani, nami naona ulisema kweli. Ukumbini kwetu hakuna mtazamaji, hakuna kiingilio, wala hakuna anayeruhusiwa kupiga picha. Lakini ngoma hii niliipokea mikononi mwako, na siwezi kuitoa bila idhini yako.

Ukikataa, nitawaambia kwamba ina wenyewe, na hasira sitakuwa nayo. Ukikubali, naomba umwite mpigaji wako, unirekodie vumi na chapuo polepole kwanza, kisha kwa kasi ya arusini, na sauti yako iwe ndani ukihesabu. Na leso mbili, tafadhali; zile za sarafu zina kelele mno, haziniachi niusikie mdundo.

Mimi mwanao,
Berwick