Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kabla ya pampu ya moyo, tupatie kipimo cha INR (cha kuonyesha damu inachukua muda gani kuganda)

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kondele, Kisumu. Huku watu wanatumiana klipu za ile pampu inawekwa ndani ya kifua kusaidia moyo uliochoka kabisa, na kila mwenye mgonjwa anauliza itafika lini, ata mimi niko na shangazi moyo wake umepanuka, miguu inafura mpaka viatu haviingii, kwa hivyo hii maneno nimeifuatilia.

Pampu inasaidia, hapo sina ubishi. Utafiti wa REMATCH kule Marekani, uliotoka 2001, ulikuwa na wagonjwa 129 wasioweza kupandikizwa moyo mwingine, wengine wakawekwa pampu wengine wakaachiwa dawa. Baada ya mwaka mmoja 52% ya wale wa pampu walikuwa hai, wa dawa 25%. Lakini miaka miwili ikifika wa pampu walikuwa wamebaki 23%, wengi waliuawa na maambukizi, wengine mashine ikaharibika. Ile mpya, HeartMate 3, ilijaribiwa kwa utafiti wa MOMENTUM 3 wenye wagonjwa 1,028 na kufikia 2019 ilionekana stroki zimepungua karibu nusu kuliko pampu iliyoitangulia, HeartMate II.

Sasa angalia vile hao watu wanaishi. Waya unatokea tumboni unaenda kwa betri, usiku unachomekwa kwa stima. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku, na INR lazima ipimwe mara kwa mara, damu ikiwa nzito itaganda kwa pampu, ikiwa nyepesi sana anavuja damu tumboni ama kwa ubongo. Na huku kwetu stima ikipotea tunawasha tochi tunalala! Warfarini nayo tayari watu wanameza, wale wenye vali za moyo za chuma, mtu anatoka Muhoroni na matatu mpaka mjini kupimwa, anaambiwa reagenti, zile kemikali za kupima, zimeisha, anarudi kumeza dozi ya kukisia.

Na wale wa dawa kwa REMATCH, waliobaki 25%, walikuwa wanapata dawa zote zinazotakikana. Shangazi yangu hata spironolaktoni, dawa ya moyo ya kupunguza maji mwilini, anaambiwa akanunue nje.

Naomba kila hospitali ya kaunti ndogo iwe na ile mashine ndogo ya INR ya kudunga kidole, SHA, bima ya afya ya serikali, ilipie hicho kipimo na dawa za moyo za kila mwezi. Na siku mtu atakuletea majaribio ya pampu hapa Kenya, kabla uweke sahihi muulize, utafiti ukiisha betri nani atanunua?

Ni mimi, mwananchi wa Kondele