Ndoo ya Maji: Barua kwa Binti Yangu Aliyeko Maskati

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Sisi hapa Mombasa wazima, alhamdulillahi. Mama yako anakusalimu, na bibi yako leo kaniuliza mara mbili kama unakula vizuri huko kwa shangazi yako.

Jana ulipotuonyesha banda la farasi kwenye simu, wewe ulikuwa unacheka, mimi namtazama yule farasi mwekundu nyuma yako. Mbavu zilikuwa zinapanda na kushuka kama mivukuto ya mhunzi, mianzi ya pua imetanuka, mishipa ya shingo imemtutumka. Kijana aliyemshika alikuwa akimkwangua jasho, na ndoo ya maji ipo palepale miguuni pake, haijaguswa. Nikataka kusema, mtandao ukakatika. Usiku sikulala vizuri.

Unajua kwamba kabla hujazaliwa nilikuwa saisi, nikiwapandisha wageni farasi ufukweni. Kisa hiki sikuwahi kukusimulia. Ilikuwa mwezi wa pili, jua la kaskazi, na siku hiyo hata upepo wenyewe ulikuwa umekufa. Mgeni alitaka mbio za shoti, akataka tena, nami nikamwachia kwa tamaa ya bakshishi. Tuliporudi, farasi wangu jike wa kijivu alikuwa na povu jeupe pembezoni mwa tandiko na katikati ya mapaja. Wakubwa zangu walikuwa wamenifundisha kwamba farasi aliyechemka hamwagiwi maji baridi, eti misuli itakaza, wala hapewi ya kunywa mpaka apoe. Basi nikamfunga kivulini, nikangoja. Jasho likamkauka, na pumzi bado ziko juu. Miguu ya nyuma ikaanza kuyumba. Tulipoanza kummwagia maji tulikuwa tumeshachelewa. Alilala chini kabla ya magharibi, hakuinuka tena. Nilimpangusa mchanga machoni kwa kikoi changu.

Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba lile nililofundishwa halikuwa kweli. Kabla ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 watu waliwahofia farasi kwa joto la kule, wataalamu wakawapima, na maji baridi hayakuwadhuru. Yaliwapoza. Kwa hiyo mama, ukishuka tu mgongoni, vua tandiko na umwagie: shingo, kifua, mbavu, mapaja kwa ndani. Ndoo baada ya ndoo, bila kupumzika. Usipoteze muda kukwangua, maana maji mapya ndiyo yanayoyaondoa yale yaliyokwisha kupata moto mwilini mwake. Ukipata barafu, tia ndani ya ndoo. Kisha mtembeze taratibu penye upepo, urudi umpime. Na maji ya kunywa usimnyime. Mwache anywe.

Kipimajoto hutiwa nyuma, chini ya mkia, nawe usimame ubavuni, si nyuma yake. Farasi aliyetulia huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Akitoka kazini atapanda, hilo ni la kawaida, lakini akipita 40 endelea na maji mpaka ashuke, na daktari wa mifugo apigiwe simu. Ukimwona jasho limekata naye bado anahema, hapo usimngoje mtu akupe ruhusa.

Joto hilo halitoki kwenye jua peke yake. Nguvu anayoitumia farasi kukimbia, sehemu kubwa yake hugeuka moto ndani ya misuli, na mwili ule ni mkubwa, hauna njia nyingi za kuutoa zaidi ya jasho. Akifanya kazi ngumu juani anaweza kutoka lita 10 kwa saa, na jasho lake lina chumvi kuliko letu, ndiyo maana utaona weupe ukibaki kwenye manyoya. Basi chumvi ya kulamba isikosekane bandani. Hapo Maskati, karibu na bahari, hewa imejaa unyevu, jasho linadondoka tu bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi. Mkipanda kwenda bara, upande wa Nizwa, mambo hugeuka: linakauka kabla hujaliona, ukadhani hutoki jasho kumbe unakauka wewe.

Kuhusu wewe mwenyewe. Panda baada ya sala ya alfajiri, saa 11 na nusu hivi, na saa 2 uwe umeshashuka. Serikali ya huko Oman imekataza kazi za juani tangu saa 6:30 mchana hadi saa 9:30, kuanzia Juni mpaka mwisho wa Agosti. Akikwambia mtu umtoe farasi saa hizo, hata akiwa tajiri wa banda, mwambie baba amekataza. Kofia ngumu usiivue kwa sababu ya joto. Chini yake vaa ushungi mwepesi wa pamba, uuloweshe maji kwanza. Shati liwe la mikono mirefu, pana, la rangi nyeupe. Kunywa kabla ya kiu, na ukishuka pata tende na bilauri ya labani, yale maziwa ya mtindi, yenye chumvi kidogo. Kichwa kikigonga, ukahisi kichefuchefu, au ukasikia baridi katikati ya jua, shuka hapo hapo, kaa kivulini, ujimwagie maji kama unavyommwagia farasi.

Na yule kijana wa jana usimgombeze. Huenda naye kafundishwa na wakubwa zake kama mimi. Chukua ndoo, anza wewe, naye atakusaidia.

Shangazi yako mdogo anasafiri Ijumaa. Nimempa leso mbili nyepesi za kulowesha shingoni, na kipimajoto nimekifunga ndani ya soksi kisivunjike. Ukikipokea, mpime yule mwekundu asubuhi kabla hajatoka, kisha unitumie namba.

Baba yako