Chupa Kando ya Pipa

Leipzig, 16 Novemba 2025

Mama mpendwa, shikamoo. Mbukwenyi wote hapo Ipagala.

Mimi ni mzima, hofu ni kwenu na hilo jua la Novemba, maana najua mvua bado mnaitazamia. Tunapigiana simu kila Jumapili, ni kweli, lakini kwenye simu wewe huuliza tu kama nimekula, kisha mjukuu wako analia na mazungumzo yanaishia hapo. Hili nimeona niliandike, dogo akusomee jioni taratibu.

Huku chupa tupu ni pesa. Ukinunua soda ya kopo au ya plastiki unatozwa senti 25 juu ya bei, chupa ya bia senti 8. Ukirudisha dukani, mashine inaimeza na kukutolea karatasi ya kuchukulia hela yako. Ni ile ile pesa ya chupa ya kwa Mangi, tofauti ni kwamba huku Mangi ni mashine na haikukopeshi.

Sasa wapo wazee wanaoziokota. Si wote wanaolala nje. Wengine wamevaa koti safi na viatu vilivyopigwa rangi, ila pensheni haifiki mwisho wa mwezi. Mkono unazama kwenye pipa mpaka begani, uso umegeuzwa pembeni. Kuna mmoja namkuta kituo cha tramu nikitoka zamu ya usiku. Ana tochi ndogo na glovu za bustani. Tunasalimiana kwa kichwa tu.

Siku za mwanzo nilikuwa naona chupa zimesimamishwa chini, kando ya pipa, nikasema kumbe na hawa Wazungu wavivu, pipa liko hatua moja! Aliyenifumbua macho ni mwenzangu wa kazini, dada wa Ukraine aliyekimbia vita mwaka 2022. Mumewe yuko jeshini, na zipo asubuhi anaingia kazini na macho mekundu, hatumuulizi. Siku hiyo tulikuwa kituoni, akamaliza maji yake, akakaza kifuniko ili matone yasimwagikie mfuko wa mtu, akachuchumaa akaisimamisha chupa chini. Akaniambia: ni ili anayeokota asichakure uchafu mbele za watu. Tramu ikaja, tukapanda. Hakugeuka kuangalia nani atakayeichukua.

Mama, ndani ya ile tramu nilikumbuka debe la uwele.

Ni ile 2006, mvua zilipogoma, tukiwa bado Mvumi. Ulinitwisha debe nimpelekee bibi jirani, nimwambie, "Mama anaomba umtunzie, kwetu panya wamezidi." Njia nzima nilinung'unika. Panya gani? Mwaka ule hata panya walikuwa wamehama, wangekula nini? Bibi alilitazama debe, akanitazama mimi, kisha akatazama debe tena. Akasema, "Mwambie mama yako nitamtunzia vizuri." Jioni nikaona moshi jikoni kwake. Nilikuja mbio kukushtakia kwamba anapika akiba yetu, ukanipa kazi ya kuchota maji.

Imenichukua miaka kumi na tisa kuelewa kwa nini nilikwenda kuchota maji.

Bibi mzaa baba alikuwa akisimulia habari za Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, Wajerumani na Waingereza walipopigania nchi yetu wakaswaga ng'ombe, wakachukua nafaka, na vijana wakageuzwa wapagazi. Leo mimi, kazini kwenye nyumba ya wazee, nawavalisha soksi wajukuu wa Wajerumani wale. Cheka tu mama, hata mimi hucheka. Yuko babu mmoja, kazaliwa 1938, kila siku anaficha kipande cha mkate chini ya mto. Njaa iliyofuata vita vyao ilimkuta mtoto na haijamtoka. Tumeagizwa tuutoe, kwa ajili ya usafi. Mimi nautoa uliokauka, naweka mpya. Asubuhi anaupapasa, anatulia, anakunywa chai. Msimwambie mtu.

Taarifa za habari sizitazami tena usiku, zinanikosesha usingizi.

Nimetuma kidogo kwenye simu ya dogo, atoe ya dawa za macho kwanza, ada ifuate. Ukisikia kuna mtu anakuja upande huu, nifungashie mlenda mkavu na ubuyu, hata nusu kilo.

Na lile debe, mama, lilirudi? Mshikio wake ulikuwa wa waya na ulinikata vidole, hilo nalikumbuka, ila sikumbuki kuliona tena nyumbani. Nijibu kwa maandishi, siyo kwenye simu.

Mwanao,
Daudi